Miguu Mirefu, Nyonga Ngumu

Ukuta wa landhi yetu, nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, ulinuka moshi na mafuta ya garimoshi. Harufu hiyo naijua vizuri, maana likizo nzima, miaka ile ya Hali ya Hatari ya wakoloni, niliishi nimeuegemea. Nje ya uzio hatukutoka bila kibali, na ndani ya uzio mchezo ulikuwa mmoja tu: mateke. Aliyepigwa alisimama ukutani, wala hakutoka mpaka mguu wake umguse mwingine. Wenzangu walikaa pale dakika chache. Mimi nilikaa wiki tatu. Nilienda kula na kulala, asubuhi nikarudishwa palepale kama mfungwa mwaminifu.

Kwa kuwa nilikuwa mrefu na mwembamba, kila mtu aliamini nimeumbwa kwa mateke. Nami niliamini. Jirani yetu Mzee Wafula, aliyewahi kuwa askari huko Burma, alitazama mguu wangu ukipanda polepole, umenyooka kama kizuizi cha njia ya reli, akacheka hadi akakohoa. "Kijana, una miguu ya twiga," alisema, "lakini nyonga ni ya mlango wa jela!"

Bingwa wetu alikuwa binti yake Nekesa, mfupi, mnene, mapaja kama mitungi. Aliweza kukaa chini na kutanua miguu mpaka ikalala sakafuni pande zote mbili. Teke lake hukuliona, ulilisikia tu. Siku moja alinihurumia.

"Kunja goti kwanza, we mlingoti! Mguu wako naona ukianza safari huko mbali, namaliza hata chai."

Basi kila jioni mama alinipaka mafuta ya kondoo nyongani, nami nikajinyoosha huku machozi yakinitoka. Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, nilikunja goti hadi kifuani, nikaachia. Nikamgusa Nekesa begani. Nilikuwa huru! Nikasimama mbele yake kujisifu, karibu mno. Alinirudisha ukutani kabla sijamaliza sentensi, na hapo ndipo shule iliponikuta.

Leo naweza kwenda Rongai au Kuresoi bila kumwomba mtu ruhusa. Binti yangu anajifunza karate mjini, na mwalimu wake hurudia maneno ya Nekesa, ila yeye hulipwa. Juzi nilimuuliza mwalimu huyo kama nyonga ya miaka hamsini yaweza kulegezwa. Alinitazama kwa heshima kubwa.

"Mzee," akasema, "kwanza tuone kama unaweza kukaa chini."