Mabeki Waliomkimbia Kaka Tomasi

Ipo Jumapili moja, Baraka mwanangu, ambayo kila ikinijia nacheka kwanza, halafu ndiyo naguna. Jana ilinijia pale uwanjani Sydenham, nilipokuona, wewe kocha mzima, ukimtoa beki wako kwa makelele na kipindi cha kwanza hata hakijaisha. Tulipokuwa kwenye gari nikakuuliza, "Yule kijana anaitwa nani?" Ukanijibu huku unasubiri taa za robot zigeuke kijani, "Shangazi, jina limenitoka. Yule namba tatu." Sikusema kitu. Na wewe unanijua, mimi nikinyamaza ujue kuna jambo. Sasa kaa hapo, kunywa chai yako, simu weka pembeni. Nataka nikusimulie habari za baba yako na mabeki wake.

Wewe unamjua baba yako mzee mpole, anayelala kwenye kochi na mjukuu juu ya tumbo. Usidanganyike. Kaka Tomasi wa miaka ile ya mwisho ya tisini alikuwa moto. Tulikuja Durban kutoka Kigoma, mimi nikawa nasuka nywele mjini, yeye akapata kazi kwenye karakana ya kushona makochi ya Mzee Abdala, kule Chatsworth. Jumapili alikuwa kocha wa timu yetu, Majirani. Watanzania, Wakongo, Warundi, wote ndani ya jezi moja nyeupe. Mimi nilikuwa nauza maandazi pembeni ya uwanja, na ulimi wangu ulikuwa hauna breki, kama ulivyo leo.

Wakati ule tulikuwa na desturi yetu. Kila msimu ukikaribia kuanza, vijana wapya waliofika mjini walikuja uwanjani Jumapili moja, kila mtu akaonyesha anachojua, halafu viongozi wa timu zote wakawachagua kwa zamu. Wewe mmoja, mimi mmoja, mpaka watu waishe. Basi baba yako macho yake yalikuwa kwa wapiga chenga tu! Kijana akimpita mtu na mpira katikati ya miguu, Tomasi ameshasimama, "Huyo wangu!" Mabeki aliwakumbuka mwishoni, wakati wenzake wameshachukua wazuri wote, akawa anaokota kama mtu aliyefika sokoni wakati wanafunga, anachukua nyanya zilizopondeka. Wengine hata hawakuwa mabeki. Alikuwa anachukua mawinga watatu, wawili wakikosa nafasi anawaambia, "Wewe na wewe mtacheza nyuma." Ndivyo alivyokuwa anapata mabeki.

Tena kulikuwa na sheria yake. Beki akifungisha bao, yeye ndiye anabeba begi la jezi za timu nzima, akazifue. Mshambuliaji akikosa bao kipa hayupo golini, hiyo ni bahati mbaya, apigiwe makofi. Nilimwambia, "Kaka, hawa ni mabeki au madobi?" Akanijibu, "Sabina, kasuke nywele." Haya, nikaenda kusuka nywele.

Lakini macho yangu nilikuwa nayo. Hakuna beki aliyemaliza misimu miwili kwetu. Waliondoka kimya kimya, na cha kuchekesha, mwanangu, msimu unaofuata unamwona mtu huyohuyo kwenye timu nyingine, anacheza hadi unajiuliza kama ni yeye. Kuna mmoja, Mkongo mnene mwenye kicheko kizuri, tulimwita mzigo. Alipohamia kwa wapinzani akawazima washambuliaji wetu mechi nzima, na mwishoni akaja kununua maandazi kwangu, jasho linamtoka, anacheka. Baba yako akasema, "Kumbe alikuwa anatuficha." Alikuwa anatuficha! Nilicheka mpaka nikamwaga mafuta.

Ndipo akaja Fidele. Ndiyo, huyohuyo baba yako mdogo Fidele anayekuletea maparachichi. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba kutoka Burundi, anatunza bustani ya nyumba moja Morningside na analala chumba cha nyuma. Siku ya kuchagua alikuja na njumu za kuazima. Alichukuliwa wa mwisho kabisa, na si kwa sababu Tomasi alimtaka. Hakuna mwingine aliyekuwa amebaki.

Alikuwa beki hasa. Hapigi kelele, haumizi mtu, anasimama tu pale mpira unapokuja. Mechi ikiisha anakaa karibu na karai langu, maana Kiha changu na Kirundi chake vinasikilizana. Hakuwa na ndugu hata mmoja mji huu. Siku moja akaniambia, "Dada Sabina, wiki nzima hakuna mutu ananiita jina. Kule kwa kazi mi ni *boy*. Ni hapa tu, siku ya Mungu, niko mutu na wenzake." Nilimwongeza andazi, nikageuka upande wa pili asinione machozi.

Sasa tufike kwenye Jumapili yenyewe. Ilikuwa nusu fainali, mvua imenyesha tangu asubuhi, uwanja wote tope. Mpira ukapigwa kutoka pembeni, Fidele akaukimbilia kuutoa, ukamgonga ugoko, ukaingia kwetu. Akaanguka kifudifudi. Akabaki pale chini. Wenzake wakampita wakienda katikati kuanza tena, mmoja mmoja, kana kwamba pale hakuna mtu. Na kaka yangu huku kwenye mstari, sauti ilisikika mpaka Overport: "Toka! Toka nje wewe, umetuua!" Akamtoa. Fidele akakaa peke yake mwisho wa benchi, tope usoni.

Halafu tukashinda. Eish, si unajua mpira! Washambuliaji wakarudisha, wakaongeza, tukaingia fainali. Watu wakacheza, wakabebana, baba yako akarushwa juu. Nilipomtafuta Fidele kwa macho, nikamwona anavuka barabara na begi la jezi begani, anaelekea kwenye taxi za abiria. Hakuna aliyemuaga.

Katikati ya wiki begi likaletwa na mtunza bustani mwenzake. Jezi zilikuwa zimefuliwa zikawa nyeupe pe, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Juu kabisa iko ya Fidele. Ameirudisha. Yule kijana aliyelileta akasema timu moja ya Chatsworth inamtaka, ila yeye anasema mpira basi, haendi popote. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Angehamia kwingine ningeshukuru. Lakini kukaa chumba kile cha nyuma, hata Jumapili asiitwe jina na mtu? Nikamwambia kaka yangu. Akasema, "Muache. Beki ni beki, nitaweka mwingine."

Basi nikaenda kumchongea kaka kwa Mzee Abdala. Ndiyo, nilichongea, na sijuti.

Mzee Abdala alikuwa mtu wa jamii ile ya Wazanzibari wa Chatsworth, ambao mababu zao waliletwa Durban kwa meli zamani, Kiswahili chake cha wazee, cha polepole. Ndiye aliyempokea baba yako alipofika hajui mtu, akamfundisha kazi. Jumamosi, siku moja kabla ya fainali, akatuita kwake kula mchana. Tumekaa, wali umepakuliwa, Mzee akasema, "Tomasi, nitajie washambuliaji uliowahi kuwa nao Majirani."

Baba yako akafurahi! Akawataja mfululizo, majina na majina ya utani, nani alifunga kwa kichwa, nani kwa mguu wa kushoto. Mzee anaitikia kwa kichwa tu. Alipomaliza akamwambia, "Vizuri. Sasa nitajie mabeki."

"Mabeki..." Kaka yangu akaweka kijiko chini. "Kuna Fidele. Halafu yule... yule Mkongo mnene. Yule mwenye goti bovu. Yule aliyekwenda Johannesburg..."

"Sikukuuliza wamekwenda wapi. Nimekuuliza majina."

Mwanangu, akainamia sahani. Namjua kaka yangu tangu tumboni, sijawahi kumwona amenywea vile. Hata mimi niliyemchongea nilimwonea huruma.

Mzee hakupandisha sauti. Akasema, "Mimi nilikuwa beki. Tulikuwa tunakaa Bluff, kabla serikali ya makaburu haijatuhamisha kwa nguvu kutuleta huku. Tulitawanywa, huyu nyumba hii, yule kule. Kocha wetu alitembea mtaa kwa mtaa akitutafuta, anaita majina yetu kwenye madirisha. Mimi nilikuwa nimefungisha mabao ya aibu mwezi ule ule. Dirisha langu alilifikia la kwanza." Akamsogezea baba yako bakuli la mchuzi. "Wewe siku yako ya kwanza kwangu ulikata ngozi ya kochi la mteja vibaya, ikaharibika yote. Nilikufukuza?"

"Hapana, Mzee."

"Nilikuitaje?"

"Tomasi."

"Haya. Kula, ushibe. Halafu uende kwa mtu wako."

Tukaenda jioni ile ile, jua bado liko. Kwenye taxi baba yako alipakata mfuko wa plastiki njia nzima. Tulimkuta Fidele anamwagilia maua. Akafunga maji, akajifuta mikono, akatusalimu kwa adabu zote. Hilo lilimshinda Tomasi kuliko kama angetukanwa.

Akaanza kujiumauma: "Fidele, kuhusu zile jezi... sheria ile ya kufua tutaiangalia."

Fidele akasema, "Kocha, kufua si mashida. Mi niko nafua kila siku. Lakini nilikuwa chini pale, ndani ya tope, na hakuna hata mutu mumoja alinipa mukono. Nikajiuliza, kumbe hawa si wangu? Ni hiyo tu iliniumiza."

Baba yako akamtazama, macho yamemjaa maji. "Nisamehe, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kukupita." Akatoa jezi kwenye mfuko, akamnyooshea kwa mikono miwili. Fidele akaipokea. Nikaona anaitupia begani, nikajua tumempata.

Ungependa nikwambie tulichukua kombe, eh? Hatukuchukua. Fainali ilikaza, hakuna bao, mpaka karibu na mwisho Fidele akateleza mbele ya mshambuliaji wao. Bao. Uwanja mzima ukageuka kumwangalia baba yako. Kijana wa akiba ameshaanza kuvua suti ya mazoezi, anajua zamu yake imefika. Mimi nimeshika mwiko, nasema Mungu wangu, asifanye tena.

Tomasi akasogea mpaka kwenye mstari. Akaita, "Fidele! Fidele, inuka, tuko na wewe!" Nahodha akasikia, akarudi mbio kutoka katikati, akamshika mkono, akamwinua. Wa pili akaja, na wa tatu. Fidele akajifuta uso kwa jezi, akacheza dakika zilizobaki hadi nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu. Tulifungwa kwa lile bao moja.

Mechi ikaisha, watu wamenuna, begi la jezi liko chini na hakuna anayelitazama. Fidele akainama kulichukua. Baba yako akamwahi, akalitupia begani mwake, akasema, "Leo nafua mimi." Na kweli alifua! Alitia na soksi zetu nyekundu humo humo. Jezi nyeupe zikatoka rangi ya waridi, mwanangu, waridi kabisa, kama za mabibi harusi wadogo. Msimu uliofuata tulicheza hivyo hivyo, timu zote zinatucheka, na vijana wetu hakuna aliyekubali zibadilishwe. Ile sheria ya kufua ilikufa siku ile.

Siku ya kuchagua ilipofika tena, zamu ya kwanza ilikuwa ya Majirani. Kulikuwa na kijana anawapiga chenga watu mpaka wanakaa chini. Watu wakasubiri Tomasi aruke. Akamnyooshea kidole beki mmoja mwenye matege, kasimama nyuma huko, akamuuliza kwanza, "Unaitwa nani, ndugu yangu?" Wenzake wakadhani jua limempiga. Lakini tangu msimu ule mabeki wetu hawakutukimbia tena. Walioa, wakazaa, wakanenepa, bado wako nyuma pale.

Ndiyo hivyo, Baraka. Baba yako siku hizi anasahau miwani iko juu ya kichwa chake. Mimi ananiita kwa jina la marehemu mama. Lakini nenda ndani sasa hivi, muulize mabeki wake. Atakutajia wote, hata wale waliomkimbia. Yule Mkongo mnene ni Kabeya. Alimtafuta mpaka akalijua jina lake, akamwomba radhi.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Anayefunga bao ana watu wengi wa kumkumbatia, hakuhitaji wewe. Aliyeanguka mbele ya watu wote, huyo ndiye wako. Usimchague wa mwisho halafu ukamlaumu wa kwanza. Ukiwa na kosa la kumwambia, mwambie pembeni, ukiwa umeshamwinua. Na kabla ya mazoezi ya kesho nenda kwao yule kijana, bisha hodi, uliza jina lake, ulitamke vizuri mbele ya mama yake.

Mungu akujalie moyo mpana, mwanangu. Akupe timu isiyokukimbia na nyumba isiyokukimbia. Na siku utakapoanguka wewe, maana utaanguka, usikose mtu wa kukuita kwa jina lako.