Kanda Iliyonyamaza na Boti ya Mchangani

Vijana wa ofisini waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali huja kwangu siku za mapumziko. Wamesikia kuna mzee Ujiji anayejua habari za mafundisho ya Buddha na kukaa kimya. Wanakuja na simu zilizojaa vitabu, wananiuliza, "Mzee, tuanze na kipi?" Nawaambia wazime simu, wakae. Wengine wanakasirika. Wakasirike. Mimi shule niliishia darasa la nne, nyumba hii nimeijenga kwa dagaa, na mambo haya nayo nimeyatafuta kwa miguu yangu. Nayaeleza nilivyoyapata.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Ziwa lilileta watu kila asubuhi, kutoka Burundi, kutoka Zaire: akina mama na magodoro yaliyolowa, wazee wamebebwa mgongoni, hata mbuzi. Mji ulijaa magari meupe ya mashirika ya misaada, yenye antena ndefu. Nilikuwa na boti ya mbao ya kuvulia dagaa, na ilipotakiwa kubeba watu, ilibeba watu. Siku moja tulikuwa tunarudi tupu kutoka kaskazini, mimi na mdogo wangu wa tumbo moja. Upepo wa kusini ukatukuta usawa wa Mwamgongo. Boti ikapinduka, tukawa chini yake. Nikabana pumzi, nikapapasa mbao, nikatokea upande wa pili. Mdogo wangu hakutokea. Watu wa Mwamgongo walinivuta mimi, wakaivuta na boti kwa kamba. Yeye ziwa lilimrudisha baadaye, tukamzika Ujiji.

Sasa, kwetu mwaloni, pale ufukweni boti zinaposhushia dagaa, kuna jambo ambalo haliandikwi popote lakini kila mvuvi analijua. Chombo kilichoua hakirudi kazini mpaka mwenyewe akipande wa kwanza, mbele ya watu, akae kwenye ubao aliokuwa akikalia marehemu, na kisukumwe majini akiwa hapo. Mwenyewe asipokaa, hakuna mvuvi atakayekanyaga humo. Mpe mzigo wote wa dagaa, hakanyagi.

Fundi aliziba mianya, akabadilisha mbao mbili, akasema iko tayari. Nikaenda. Nikaingiza mguu mmoja. Kifua kikafunga kama mtu amenikalia juu. Pumzi ikagoma, si kuingia, si kutoka. Nilijikuta nimepiga magoti mchangani, na wanawake waanikao dagaa wote wamesimama wananitazama.

Nilirudi mara nyingine, ikawa vilevile. Wavuvi wangu walianza kucheka pembeni. Mwaloni mwenye chombo anaitwa tajiri, na mimi wakanipa cheo kipya.

"Tajiri wa mchangani, shikamoo!"

"Mwacheni, anaogopa kulowa."

Boti tukaiweka kifudifudi juu ya magogo. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Mbao ikikaa juani kiangazi kizima inapasuka, na boti iliyopasuka ni kuni. Nilikuwa na boti moja, sina shamba la maana, sina cheti. Nikajiambia: ama nikae kwenye ule ubao kabla ya mvua, ama niende kulima mihogo ya watu kule Simbo. Kulima si aibu. Lakini sikutoka kwenye umaskini kwa mikono hii ili nirudishwe na mbao.

Wakati huo nilikuwa na mpangaji katika vyumba vyangu vya Buzebazeba, ua mmoja na sisi. Alikuwa mtu wa Sri Lanka, fundi wa pampu za maji aliyeletwa kwa ajili ya kambi za wakimbizi. Mfupi, mweusi kama sisi, Kiswahili chake amekiokota kwa madereva. Kila alfajiri alikaa barazani juu ya mkeka, miguu ameikunja, macho ameyafumba. Na siku ya mwezi mkubwa hakula kitu kuanzia adhuhuri. Hilo la mwezi ndilo lililonivuta, maana na sisi wavuvi wa dagaa mwezi mkubwa hatuendi ziwani. Taa zetu hazivuti samaki mbele ya mwanga ule, kwa hiyo tunashona nyavu.

"Na nyinyi mbalamwezi hamfanyi kazi?" nikamuuliza.

"Hiyo siku ya Buddha, baba mwenye nyumba."

"Kumbe. Huku ni siku ya dagaa kupumzika. Sasa pale kwenye mkeka unamsujudia nani?"

"Hakuna. Naangalia pumzi."

"Pumzi inaangaliwa? Ina rangi gani?"

Akacheka mpaka akapaliwa na chai. Halafu akasema kwa utulivu, "Wewe pumzi yako mgonjwa. Mimi nasikia ukipita karibu na bahari." Ziwa letu aliliita bahari, nami sikumsahihisha, linastahili.

Nikakaa. Aliniambia niangalie pumzi tu, na mimi nikafanya kama tunavyofanya watoto wa Ujiji tangu tunapojua kutembea. Kwetu pumzi ni kitu cha kubana. Unapiga mbizi, unaibana, wenzako wanakuhesabia, anayeibuka mwisho ndiye mwanamume. Basi nikajaza kifua, nikafunga mdomo, nikatulia kama jiwe. Nikaona nyota. Nikaanguka ubavu, nikapiga kichwa kwenye nguzo ya baraza.

Mke wangu akatoka na mwiko mkononi. "Baba watoto, huyu mtu amekufanya nini?"

"Sijafanya, mama!" Yule fundi alikuwa ameshika mbavu zake kwa kicheko. "Nimesema angalia. Sijasema kamata!"

Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza ilikuwaje siku ile chini ya boti. Nikamwambia nilibana pumzi. Akaniuliza, "Ukaachia lini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Bado hujaachia."

Neno lile lilinikaa. Kila asubuhi nikaenda barazani kwake, naangalia inaingia, naangalia inatoka, sishiki. Ni kazi ya kijinga ukiitazama kwa nje. Ndani ni ngumu kuliko kuvuta wavu. Akili ilikwenda sokoni, ikaenda kwa mdogo wangu, ikaenda kwa walionicheka, nami naivuta irudi. Yeye alisema kurudi kwenyewe ndiyo kazi, nisihesabu nimepotea mara ngapi.

Tulikuwa bado mwanzo alipopata uhamisho. Magari meupe ndivyo yalivyo, leo yapo kesho yapo nchi nyingine. Aliniachia mkeka wake, kitabu kidogo cha Kiingereza na kanda moja ya kaseti. "Mwalimu sipo," akasema, "sasa hivi vitu ndiyo walimu. Na pumzi." Akapanda gari, nikabaki na mizigo nisiyoweza kuisoma wala kuisikiliza.

Hapo ndipo nilipojua kutafuta elimu ni nini. Nilikwenda duka la vitabu mjini. Muuzaji alinitazama kuanzia kandambili mpaka kofia.

"Mzee, hapa tuna Biblia, nyimbo za kwaya na madaftari."

Nikaenda duka jingine karibu na msikiti, huko kuna misahafu na mafuta ya kujipaka. Nikamwendea shehe wetu, maana mimi ni Mwislamu na sikutaka ayasikie kwa watu. Nikamwambia, "Sijabadili kibla. Nakaa tu asubuhi, baada ya swala, nimenyamaza."

"Ukikaa unasema nini?"

"Sisemi kitu."

"Wewe?" Akaguna. "Basi hilo ndilo gumu, maana nakufahamu. Nenda kajaribu, tupumzike."

Mwalimu nilimpata sokoni, ambako sikumtarajia. Alikuwa mama wa Kirundi, mkimbizi aliyekuwa na ndugu hapa mjini, zamani kwao akifundisha sekondari, sasa anakaanga maandazi. Nilimsikia akimsomea mteja maandishi ya Kiingereza kwenye kopo la dawa. Siku iliyofuata nikamletea kitabu na dagaa wakavu kwenye karatasi.

Akakifunua kwa vidole vyenye unga. "Mzee, hiki kitabu hakina muujiza hata mmoja."

"Kinasema nini?"

"Kinasema kuteseka kupo."

"Hilo nalo linahitaji kitabu? Muulize yeyote aliyeshuka mwaloni."

"Subiri, una haraka kama moto wa mabua. Kinasema kuna sababu. Mtu anashikilia. Anashikilia kinachopita, kikipita kinamkata mikono kama kamba."

Nikaacha utani. Mtu yeyote aliyeshika kamba ya nanga wakati wa upepo anajua kile alichokisema.

Tukafanya hivyo soko likipoa mchana. Yeye anasoma mstari, anautafakari kwa Kirundi, anautoa kwa Kiswahili, na mimi nambishia. Akichoka nami ananiambia, "Mzee, mimi nilifundisha watoto wabishi miaka mingi, lakini wewe ningekutoa nje ya darasa." Siku moja alifika penye maneno ya kumtakia heri kila kiumbe, hata adui. Akafunga kitabu. Aliyoyaacha kwao nayajua kidogo, na sikuuliza. Alisema, "Hapa leo sipiti." Tulirudi pale baada ya siku nyingi, akapasoma, polepole, mpaka mwisho. Sijawahi kuona mtu akisoma kwa nguvu namna ile. Nikasema moyoni, kama huyu amepita hapo, mimi siwezi kushindwa na ubao.

Kanda nayo ilinisumbua. Niliitia kwenye redio yangu: kengele moja, sauti ya mzee akisema maneno mafupi kwa lugha yao, halafu kimya. Nikaigonga redio. Kimya. Nikabadilisha betri. Kimya. Nikampelekea fundi redio wa pale stendi, nikamwambia kanda imekufa katikati. Akaisafisha, akabana spika masikioni, akasikiliza huku kazi nyingine zikimsubiri. Mwisho ikalia kengele tena.

"Mzee, kanda nzima," akasema. "Ila hawa jamaa hawasemi kitu. Wamerekodi kukaa."

Nikaichukua nikarudi nyumbani nikicheka njia nzima. Ndivyo ilivyokuwa: kengele ya kuanza, kimya, kengele ya kumaliza. Yule mtu alikuwa ameniachia baraza lake ndani ya kaseti. Tangu siku hiyo nikawa na mwenzangu wa kukaa naye.

Lakini barazani hakuna boti. Mama wa maandazi ndiye aliyenisema. "Mzee, unafanyia mazoezi mbali na ugonjwa. Mimi nilipoogopa ubao wa darasani, sikufundishia jikoni." Kweli. Mwezi ukawa mkubwa, wavuvi wakawa mwaloni wanashona nyavu, nami nikaja na mkeka na redio yangu. Nikatandika mahali ambapo boti naiona kwa mbali. Kengele ikalia. Wakacheka, wacha wacheke.

"Tajiri, unapiga ramli?"

"Muulizeni dagaa wataingia lini!"

Nikakaa mpaka kengele ya mwisho. Siku nyingine nikasogea. Kifua kikifunga, sikukilazimisha wala sikukimbia, niliitazama ile pumzi iliyogoma mpaka yenyewe ikachoka kugoma. Nikasogea tena, mpaka mgongo wangu ukaegemea mbao. Zilikuwa na joto la jua. Nikazisikia zikilia tik, tik, zinaanza kupasuka. Mwezi ulipoanza kuchelewa kuchomoza, wavuvi wakajaza mafuta kwenye karabai zao, na mimi nikajua siku ya kupanda imefika. Mvua isingenisubiri, wala zile mbao.

Asubuhi niliwakuta wavuvi wangu wanakunywa uji. Nikasema, "Igeuzeni."

Wakatazamana. "Tajiri, leo?"

"Nimesema igeuzeni. Au mnasubiri iwe kitanda?"

Wakaigeuza, wakaiburuta mpaka maji yakailamba. Wanawake wakaacha dagaa wao. Nikavua kandambili. Mguu mmoja ndani, na hofu ikaja ileile, na nguvu zake zote. Wanaosema kukaa kimya kunaondoa hofu wanauza kitu. Ilikuja, ikanibana mbele ya watu wote. Nikaingiza mguu wa pili. Nikatembea mpaka kwenye ubao wa mdogo wangu, nikakaa, nikakunja miguu kama nilivyofundishwa. Macho sikuyafumba. Pumzi ilikuwa imekwama juu, nami nikaiona iko pale, imekwama. Nikaitazama. Ikatoka kidogo. Ikarudi.

"Sukumeni," nikasema.

Boti ikaelea. Kisha nikasikia maji yanapigwa, wavuvi wangu wanakuja, mmoja baada ya mwingine wanapanda, wanakaa sehemu zao. Hakuna aliyeniita wa mchangani. Mkubwa wao akasema tu, "Tajiri, twende wapi?"

"Kaskazini."

Tukapita milima ya Gombe, jua limetupiga ubavuni. Tulipofika usawa wa Mwamgongo nikawaambia wazime injini. Ziwa lilikuwa limetulia, la kijani mpaka chini. Tukakaa bila neno. Kengele sikuwa nayo, na haikuhitajika. Nikamsikia mdogo wangu, si sauti, ile hali yake tu, ile namna yake ya kupiga mluzi kabla ya kutupa wavu. Nikamsikia, nikamwacha apite.

Mshika injini akanigusa bega. "Niwashe, Tajiri?"

"Subiri nitoe hii."

Nikaitoa pumzi yote, mpaka tumbo likaingia ndani, kisha nikamwambia awashe.