Mwaka Nilioacha Wali wa Ndugu Wawili

Swali lilitoka kwa binti yangu. Tulikuwa tumerudi Dar kutoka nyumbani Kilimanjaro, Januari ya joto la kuchemsha, tumekaa sebuleni kwenye fleti yetu ya Mchafukoge, feni inazungusha joto lilelile. Yeye alikuwa anaingia kidato cha pili. Akaniuliza, "Baba, mwaka jana ulifanya kitu gani kipya?" Nikafikiri sana. Nikamwambia nilibadilisha betri ya saa ya ukutani. Alicheka mpaka akashika tumbo, akaenda kumwita mama yake jikoni ili nirudie. Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hata hiyo betri niliibadilisha mimi."

Mimi hasira zangu ni za kimyakimya. Lakini kesho yake nafungua duka nilikuwa nimeshaamua: kila wiki kitu kimoja kipya, mwaka mzima, na Januari ijayo nitawasomea orodha hao wawili mpaka waombe maji.

Duka langu liko Kariakoo, kwenye korido ya ghorofa ya chini ambako wote tunauza vifaa vya ushonaji. Mimi nina vifungo, zipu, uzi na lasi. Majina hatuitani sana pale. Mimi ni Mangi, kama Mchaga yeyote mwenye duka Bongo hii. Jirani yangu wa ukuta mmoja anauza vitambaa vya bitana, basi naye ni Bitana, na sidhani kama kuna mtu koridoni anajua mama yake alimwita nani.

Wiki ya kwanza nilinyolewa na kinyozi mwingine. Ya pili nilisali kanisa la watu wa kurukaruka, mimi Mlutheri niliyezoea kusimama na kukaa kwa utaratibu, na kiuno kiliniuma siku mbili. Ya tatu nilivuka Kigamboni bila shughuli yoyote, nikala muhogo wa kuchoma ng'ambo, nikarudi. Ya nne nilivaa shati la maua dukani, na mteja wangu wa miaka mingi akaniuliza Mangi yuko wapi. Ya tano nilienda Ilala kucheza bao na nikafungwa na mzee aliyekuwa anaongea na simu muda wote. Nikijipima kusema kweli, sikuona kilichobadilika. Nilikuwa mtu yuleyule mwenye nywele zilizokatwa vibaya.

Wiki ya sita nikakwama. Jumatatu ilifika sina wazo, nimekaa kaunta, na ikafika saa sita na nusu, saa ya Dada kupita.

Walikuwa ndugu wawili, tumbo moja, watu wa Lindi. Mkubwa ndiye tuliyemjua, tukimwita Dada. Alipita koridoni na sinia kichwani, kanga ameifunga vizuri, anaacha sahani duka hadi duka: wali, maharage, mchicha, samaki wa nazi siku ya Ijumaa. Mpishi mwenyewe alikuwa mdogo wake, ambaye alikaa na masufuria uani, nyuma ya jengo la pili. Huyo mimi sikuwahi kumwona. Kwa miaka kumi na moja nilikula chakula chake, Jumatatu hadi Jumamosi, na Dada alianza kwangu kila siku. Alikuwa anatania, "Mangi akishika kijiko, korido nzima inasikia njaa."

Jumatatu ile nikamwambia, "Dada, wiki hii usiniletee."

"Unasafiri?"

"Hapana."

Akanitazama kidogo, akasema haya, akaendelea na sinia lake. Mimi nikatoka nikaenda kula mtori wa ndizi na nyama kwa mama mmoja wa kwetu mtaa wa pili. Kitu kipya cha wiki kikawa kimepatikana, tena bila jasho. Na kwa kuwa wavivu tuna akili zetu, niligundua kwamba kila wiki naweza kuhamia jiko jingine na hesabu ya mwaka ikatimia. Wiki iliyofuata nikala supu ya utumbo na chapati. Iliyofuata, biriani. Iliyofuata nikafika hadi Posta, kwenye mgahawa wa ghorofani ambako kitambaa cha kufutia mdomo kimekunjwa kama kofia na wali ni wa kuhesabu punje.

Wiki ya tatu tangu nimwache, Dada alikuja asubuhi, mikono mitupu.

"Mangi, habari za asubuhi. Nina neno."

"Sema, Dada."

"Nimekukosea?"

"Hapana, bwana. Kukosea nini?"

"Chakula kilikuwa na kasoro?"

"Hakina kasoro."

"Basi leo nikuletee."

"Leo hapana."

Alisubiri. Mimi nikachukua simu nikaanza kusoma meseji nilizokwisha kuzisoma, mpaka akaondoka. Ningemwambia nini? Kwamba mwanaume wa miaka hamsini na mbili, baba wa watoto watatu, mwenye duka Kariakoo, amechekwa na binti yake na sasa anazunguka mjini kujaribu vitu vipya? Pale koridoni wangenicheka mpaka Krismasi. Niliona ni heri kunyamaza, na kunyamaza mimi ni kazi ninayoiweza.

Alijaribu tena mara moja. Alinipitishia kibakuli cha kisamvu, amekifunika kwa sahani mpya yenye maua mekundu pembeni, anasema nionje tu. Wiki hiyo nilikuwa kwenye samaki wa kukaanga. Nikamwambia nimeshiba. Akachukua kibakuli chake, na baada ya hapo akawa anapita upande wa pili wa korido. Nakumbuka niliona ni afadhali, maana sasa sihitaji kumkwepa macho.

Mwaka ukaenda. Nilijifunza kuendesha baiskeli, nikaanguka mbele ya msikiti watu wanatoka swala, wakaniokota na kunipa pole kwa adabu zote. Nilipaka nywele rangi nyeusi na mke wangu akakataa kutoka na mimi wiki mbili. Mwezi wa kumi ndipo nilipoona kwamba sinia halipiti tena koridoni. Nikadhani wameenda kwao, msimu wa korosho. Sikuuliza.

Novemba, siku moja ya mvua ambayo hakuna mteja, nilimwambia Bitana kwamba nimechoka na majiko ya watu, Dada akirudi kutoka Lindi nitamwambia aniletee sahani yangu. Bitana aliacha kukunja kitambaa.

"Mangi, unatania?"

"Natania nini?"

"Si wewe uliyestuka wa kwanza?"

"Kustuka nini?"

Akasogeza kigoda, akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. Nilipoacha kula kwa Dada, alisema, korido yote iliona. Mtu kala sehemu moja miaka kumi na moja, hajaugua, hajasafiri, hajagombana, halafu siku moja anaacha na hasemi kwa nini. Mtu haachi bure. Mmoja akasema Mangi kaona mende. Mwingine akasema si mende, mende mtu anasema. Kitu ambacho mtu hawezi kukisema ni ndumba. Kumbe ndiyo maana Mangi alikuwa habanduki pale miaka yote: alikuwa anatiliwa dawa ya kuvuta wateja kwenye chakula, na sasa kachanjwa na mganga huko kwao uchagani, macho yamefunguka. Kufika Machi nusu ya korido imeacha. Kufika Juni sinia linarudi lilivyokuja.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi ni nani, Mangi? Nina watoto. Nikaacha."

"Lakini hukuniuliza!"

"Na wewe hukusema! Tulikuona unakataa hata kisamvu cha bure. Mchaga, anakataa cha bure! Tukasema hapo lipo jambo."

Ebo! Nilitaka kumrushia boksi la vifungo. Halafu nikakaa. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni, kwa sababu katika yote aliyosema hakuna hata moja lililohitaji uongo wangu. Kunyamaza kwangu kulitosha.

Dada hakuwa Lindi. Bitana alijua: alikuwa Ilala, anapikia mafundi seremala. Kesho yake nilifunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya bila msiba, nikaenda.

Nilimkuta chini ya bati moja, kati ya karakana mbili, na masufuria mawili kwenye majiko ya mkaa, vumbi la mbao linamwangukia begani. Alikuwa peke yake. Aliponiona hakushangaa wala hakutabasamu. Akasema, "Karibu, Mangi," akanisogezea kigoda, akaendelea kuchambua mchele.

Nikamweleza yote. Binti, betri, kinyozi, Kigamboni, shati la maua. Nilijisikia mjinga kila nilipotaja kitu kimoja zaidi, lakini nilishaamua kumaliza. Alisikiliza bila kuinua uso.

"Kwa hiyo chakula hakikuwa na kitu," akasema.

"Hakikuwa na kitu chochote."

"Neno moja tu, Mangi. Ungesema neno moja."

"Najua. Nisamehe, Dada."

Aliweka ungo chini. "Ulipoacha, wiki ya kwanza nilibadilisha mchele. Nikasema labda ule una harufu. Wiki ya pili nikabadilisha mafuta. Halafu maji, tukawa tunapikia maji ya kununua. Nazi niliacha ile iliyokunwa tayari, nikawa nakuna mwenyewe alfajiri. Nikanunua sahani mpya. Kila wiki nabadilisha kitu kimoja, nakutazama ukipita kwenda kula kwa watu. Nasema labda wiki hii atarudi, na akirudi yeye wale wengine watarudi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mwisho sikuwa na cha kubadilisha tena ila mdogo wangu."

Nilisogeza kigoda karibu naye.

"Nilimwambia mkono wake umeingia uchungu. Alilia, akaapa, wallahi dada, napika vilevile. Nikampandisha basi la kurudi Lindi. Tangu Juni hajapokea simu yangu. Nikipiga kwa namba ya jirani, akisikia sauti yangu anakata."

Nikamwomba namba. Alinitajia kwa kichwa, taratibu. Nikapiga kwa simu yangu, nikaweka spika, maana niliona hili nalo nikilisemea pembeni litazaa mengine.

"Haloo?"

"Haloo, dada. Mimi ni Mangi wa vifungo, Kariakoo."

Kisha sauti ikasema, "Mangi wa ukoko?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ule ukoko wa wali niliokuwa naukuta kila siku pembeni ya sahani, na nilioupenda kuliko wali wenyewe, haukuwa unaangukia kwangu kwa bahati. Kuna mtu aliyenijua kwa sahani yangu na alikuwa ananikwangulia. Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye. Nikarudia maelezo yangu kwa kifupi: sikuacha kwa sababu ya chakula, hakikuwa na uchungu, kosa ni langu na mdomo wangu. Nilisema pole mara tatu.

"Asante," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Lakini mimi hukuwa na haja ya kunieleza, kaka. Mimi nilikuwa napika, nilijua chakula changu. Wewe ni mteja, mteja anaacha. Aliyenitia shaka ni dada yangu."

Dada alikuwa amesimama karibu yangu na amesikia kila neno. Alinyoosha mkono. Nikampa simu. Aliishika mbali kidogo na uso, kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu," akasema.

Nikasubiri mlio wa kukatwa. Haukuja. Ilisikika pumzi tu, na kuku wa mtu huko Lindi. Fundi mmoja akaja na sahani mkononi akiuliza kama wali umeiva. Nikasogea nikamzuia pembeni ya bati, nikamwambia asubiri, watu wanaongea.