Swichi za Fundi Sabiha

Ukitaka kumpandisha hasira Fundi Sabiha asubuhi, kabla hata hajanywa chai, msifie mbele yake mtu aliyeunda gari. Mwambie watu wa viwandani wana akili. Mimi ni mtani wake, Mbondei kwa Mdigo, kwa hiyo nilikuwa nikimwambia hivyo angalau mara moja kwa juma, nimekaa zangu kwenye cherehani barazani, mkabala na gereji yake hapa Mabawa.

"Akili!" husema, na huku mkono umeshaingia kwenye kopo la maziwa lililojaa funguo kuukuu. Huchomoa mmoja wowote uliolika, akaliendea gari dogo lolote la aina ile ambayo nusu ya mji huu inayo. Hutingisha kidogo, mlango unafunguka. Hutingisha tena, gari linawaka.

"Waona, Methusela? Huu ni ufunguo wa gari lililokwisha kuwa chuma chakavu. Na aliyeliunda yuajua! Yuajua tangu la kwanza kwamba kitasa chake kikizeeka chakubali ufunguo wa jirani. Akaunda la pili. Akaunda la milioni. Kisha likiibwa, alaumiwa mwizi peke yake."

Aliwahi kuwaandikia. Mpwa wake alituma barua pepe kwa kampuni yenyewe, Sabiha akitamka neno kwa neno na kidole hewani. Jibu lilikuja dakika ile ile, la kumshukuru kwa kuchagua gari lao. Baada ya hapo halikuja jingine.

Ana miaka hamsini na miwili, huvaa ovaroli na kujitanda kanga juu yake. Baba yake, Mzee Kombo, alikuwa fundi umeme wa malori ya shamba la mkonge. Kaka zake walipokimbilia Dar, yeye ndiye aliyebaki na bisibisi. Ni mtu wa dini na wa taratibu. Gereji yake mwenyewe huiingia kwa mguu wa kulia. Siku moja nilimpa uzi kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulishika mkasi, akaniacha nimeunyoosha vile vile mpaka nikaweka mkasi chini.

Kazi iliyompa jina ni swichi ya siri. Ni kitu kidogo kuliko kidole gumba, nacho hukata umeme wa pampu ya mafuta. Ukiizima ukashuka, mwizi atawasha gari vizuri, atamshukuru Mungu wake, ataondoka. Hatua mia mbele mafuta yaliyobaki mpirani yanakwisha na gari linamfia barabarani mchana kweupe. Tumewahi kumwona mwizi akishuka na kuomba watu wamsaidie kusukuma. Fimbo za kufungia usukani, minyororo ya magurudumu, namba za kuchonga kwenye vioo, vyote hivyo Sabiha huviita mapambo ya harusi.

Akifunga swichi hufukuza watu wote. Geti linafungwa, anabaki na mwenye gari. Mume wa mtu hukaa nje, na mimi mtani hukaa nje. Wala haandiki popote. "Siri ya mtungi aijuaye kata," husema, "na kata zenyewe ni mbili, mie na mwenye gari."

Jumanne ya mwezi uliopita akaja Consolata. Huyu ni muuza machungwa wa Muheza, mjane, ambaye kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, ndicho kilichomtoa kwenye kubeba matenga kichwani. Siku zote shikamoo yake husikika tangu barabarani. Siku hiyo hakuamkia.

"Kimeibwa," alisema.

Sabiha aliweka koleo chini. "Lini?"

"Jana, saa nne asubuhi. Nachagua machungwa, kiko nyuma yangu. Nikasikia kinawaka. Nikageuka, nikasimama kukitazama kinaondoka, na nilikuwa nacheka, Bi Sabiha. Niliwaambia wenzangu msikimbie, subirini muone kitakavyozima. Tukasubiri. Kikaingia lami, kikaenda."

"Swichi ulizima?"

"Nilizima."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika kama nilivyo na hakika kwamba tulikuwa wawili tu tulioijua."

Mguu wangu uliganda kwenye kanyagio la cherehani. Consolata hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema polisi wamemuuliza nani mwingine anajua swichi ilipo, naye amewajibu kwamba atafikiri. "Nafikiri mpaka Ijumaa," alisema, akaondoka kwa miguu.

Niseme kweli: usiku ule hata mimi nilijiuliza. Miaka kumi na tisa namtazama mwanamke huyu, na bado nilijiuliza. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sabiha naye hakunitania kesho yake, wala hakuniletea chai.

Jumatano hiyo adhuhuri likaibwa la pili. Hili lilikuwa la Shekhe Abdulghani, imamu wa msikiti wetu, limeegeshwa pale pale nje, yeye yuko ndani anasalisha. Nalo lilikuwa na swichi ya Sabiha, nayo ilikuwa imezimwa. Alhamisi asubuhi likaonekana limetelekezwa kwenye njia ya kwendea Mkwaja, hata Pangani halijafika. Petroli ilikwisha. Shekhe wetu, Mungu ampe umri, hajawahi kujaza tangi tangu anunue gari, na ubahili wake ndio uliomwokoa.

Sabiha alimpigia simu. "Shikamoo Shekhe. Usilifungue. Usiguse kitu mpaka nifike."

Tulikwenda mimi na yeye kwa bajaji ya kukodi, tukamkuta Shekhe anatungoja. Alipofika alifungua mlango wa dereva taratibu, akachungulia kwa tochi ya simu. Tasbihi ya Shekhe ilikuwa imening'inia mahali pake. Vumbi la kushoto lilikuwa vile vile, chini ya viti vile vile, hakuna waya uliovutwa wala plastiki iliyobanduliwa. Ni ncha moja tu ya zulia, karibu na mlango wa kulia, iliyokuwa imeinuliwa.

"Hakutafuta," Sabiha alisema. "Kaenda moja kwa moja."

Akalirudisha zulia, akalipigapiga likalala. Akafunga mlango. Kisha akanivuta kando, mbali na Shekhe, nyuma ya bajaji yetu.

"Mtani, hebu nifikirie mie. Unipe gari lolote, gari usilolijua. Swichi nimeiweka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Miaka yote wanifungia geti."

"Sema tu."

Sikufikiri hata kidogo. "Kulia," nilisema. "Chini, upande wa mkono wa kulia wa dereva."

"Kwa nini kulia?"

"Kwa sababu wewe ni wewe, Sabiha. Umewahi kuanza kitu gani kushoto?"

Alikaa chini kwenye majani, na kanga yake nzuri. Magari yote. Miaka yote ile, geti limefungwa, watu wamefukuzwa, hakuna kilichoandikwa, na mkono wake kila mara umesema bismillahi ukaenda kulia, wenyewe, bila kumuuliza. Mwizi alihitaji gari moja tu la kujifunzia. Labda aliliiba akaligeuza siku nzima mpaka akaiona. Labda alileta lake mwenyewe afungiwe, akalipa na kushukuru. La pili halikumsumbua, na yaliyobaki alikuwa nayo mfukoni.

"Ufunguo mmoja," alisema Sabiha. "Nimewauzia watu wote ufunguo mmoja."

Mkuki kwa nguruwe, nikasema moyoni. Lakini kwa mdomo nilimpa ushauri, na nilidhani ni ushauri wa kirafiki. Nilimwambia anyamaze. Wateja wake hurudi kwa balbu na betri. Kila anayerudi amhamishie swichi kimya kimya, aseme anaikagua. Baada ya mwaka yote yatakuwa yamehamishwa na jina lake lingali zima. Kuhusu Consolata, hana ushahidi.

Sijawahi kumwona vile. Alisimama akanishika shati kifuani, mwanamke asiyepeana hata mkono na mwanamume.

"Hivyo ndivyo asemavyo yule wa kiwandani! Hayo hayo, Methusela! Tutatengeneza wakirudi. Tusiwatie watu hofu. Na kila siku atakayokaa kimya, mtu asimama Muheza akicheka, akingoja gari lake lizime!"

Akaniachia, akamwendea Shekhe na kumwambia yote bila kupunguza. Akamwomba kesho baada ya sala ya Ijumaa atangaze kwamba kila aliyefungiwa swichi na Sabiha wa Mabawa arudi siku hiyo hiyo, kwani zina kosa, na kosa ni la fundi.

Shekhe alishika ndevu. "Utajiaibisha, mwanangu. Na huyo mwizi yuasikia vile vile. Pengine yuko safu ya pili."

"Basi nishindane naye mbio. Mficha uchi hazai, Shekhe."

Jioni ile alichukua chaki akaandika kwenye geti, kwa ndani, kila gari alilolikumbuka. Yalifika hamsini na kitu. Yenye namba za simu tukayapigia, mimi na yeye, mpaka vocha zikakata.

Ijumaa tangazo lilipotoka, hata sisi tusiosali huko tulilisikia kwenye kipaza sauti. Kabla ya saa nane foleni ilifika kona. Sabiha alimwambia kila mtu neno lile lile, amesimama, anamtazama usoni: "Nimekosea. Zote niliziweka upande mmoja, na mwizi kajua." Wengine walimwonea huruma. Wengi hawakumwonea. Mmoja alitema mate kizingitini akamwuliza kama ana mgawo wake kwa wezi. Aliitikia, "Una haki ya kuuliza," akaingia chini ya usukani wake.

Utaratibu nao ulikuwa mpya. Aliichomoa swichi ya zamani, akaunga waya mrefu mpaka wenye gari wakamshangaa, akampa mwenyewe bisibisi. "Ifiche unapotaka. Usinambie." Halafu akageukia ukuta, akaegemeza paji la uso kwenye matofali mpaka aambiwe tayari. Wengine walichukua robo saa. Jua lilikuwa linashuka, na majina ya chaki yaliyobaki bila alama aliyatazama kila akipita. Simu ililia mara moja na sote tukashtuka; alikuwa mtu wa Pangani akiuliza kama anaweza kuja Jumamosi. "Usilale mbali na gari lako," Sabiha alimwambia, akamwekea alama nusu.

Yalikuwa yamebaki manne alipotokea Consolata, kwa miguu, na karatasi mkononi. Watu wakampisha. Sabiha alijifuta mikono, akamweleza kama alivyowaeleza wengine. Kisha akaenda nyuma ya gereji akatoka na ufunguo wa kirikuu chake mwenyewe, kile anachobebea betri.

"Chukua. Chako kikipatikana utanirudishia. Kisipopatikana, hiki ni chako. Waya nimeshauvuta, ficha swichi."

Consolata hakupokea. "Nimeshakutaja, Bi Sabiha. Asubuhi. Sikungoja jioni. Hii hapa wameniandikia nikuletee, wanakuita kituoni."

Sabiha aliichukua karatasi, akaisoma yote, akaikunja.

"Ulisema kweli," alisema. "Tulikuwa wawili. Ficha swichi yako kwanza, kisha tutakwenda pamoja. Nami nina maneno yangu ya kuwaambia."

Akageukia ukuta. Tulisikia Consolata akihangaika mle ndani, anavuta, anakaza, anavuta kamasi. Ilichukua muda. Mabega ya Sabiha yalikuwa yanapanda na kushuka, na mimi nilijifanya natafuta sindano.

"Tayari," Consolata alisema.

Wakapanda, Consolata kwenye usukani, Sabiha kushoto kwake na karatasi yake mapajani. Kirikuu kikawaka vizuri, kikatoka getini, kikashika barabara. Tukasimama kukitazama. Hatua mia hivi mbele kikakohoa mara mbili, kikazima katikati ya njia.

Consolata alikuwa amesahau kuiwasha swichi. Aliinama kwenye usukani, na kutoka tulipokuwa tulisikia kilio kikigeuka kicheko. Akamtazama Sabiha amsaidie.

Sabiha alinyanyua mikono yote miwili juu, wa kulia na wa kushoto, sote tukaiona kwenye kioo cha nyuma.

"Mie sijui iko wapi," alisema kwa sauti kubwa. "Wallahi sijui."

Akafumba macho, akafunika uso kwa kanga. Consolata akatazama huku na huku, akaingiza mkono mahali, na kirikuu kikawaka tena. Wakaenda polisi.