Vyuma vya Chini ya Jiwe

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka mpaka leo kwa hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mimi mwenyewe. Kaa usikie, kwa sababu jana nimekuona huko mtaa wa Kapsoya ukipaka gundi chini ya jiwe la kaunta, unaniambia, “Itashika, Mzee.” Itashika! Neno hilo nalichukia.

Miaka ile chama kilikuwa kimoja tu, na mwenyekiti wa hapa kwetu akisema atakuja kunywa chai, mtaa mzima unafagiliwa. Mama Wairimu alikuwa anafungua hoteli yake hapa Eldoret. Alitaka kaunta ya jiwe zito, itokeze futi moja na nusu mbele ya ukuta mfupi wa kuibeba, wateja wapate pa kuweka magoti, na chini pasionekane chuma hata kimoja.

Mzee Owino, aliyenifundisha kazi, alikuwa amenionyesha: unachimba mifereji juu ya ukuta, unalaza vyuma bapa vinene, sehemu kubwa ibaki nyuma, ncha ziingie chini ya jiwe bila kufika ukingoni. Nguvu iko, jicho halioni. Kisha akaenda kazi nyingine Timboroa.

Vyuma vikachelewa, na mwenyekiti anakuja kesho kunywa chai ya ufunguzi. Nani angemwambia mwenyekiti wa chama angoje? Nikajiambia simiti itashika. Nikalaza jiwe, nikapiga plasta chini. Mzee aliporudi akauliza, “Vyuma uliweka?”

“Ndiyo, Mzee.” Mjinga mkubwa mimi!

Mwenyekiti alikunywa chai yake akaenda salama. Wiki ya pili mteja mmoja akaegemea kaunta akicheka, jiwe likapinduka. Yeye aliruka. Mama Wairimu alikuwa karibu naye akipangusa kiti, likamponda mguu.

Mzee Owino hakunipiga. Alipitisha kidole juu ya ukuta ule. “Mfereji uko wapi?” Akanigeukia. “Nilikuuliza, ukaniangalia machoni.” Hakuniita fundi tena.

Na unajua kinachoniuma? Mama Wairimu alimwambia kila mtu ni ajali. Alichechemea mpaka uzeeni, akinisalimia vizuri. Heri angenitukana!

Sasa sikia. Bandua hiyo gundi leo, chimba mifereji, weka chuma. Wakikuharakisha, sema “bado,” hata kwa mkubwa wa namna gani. Na mtu akikuuliza, mwambie ukweli wakati miguu yake ingali mizima. Nenda. Mungu ailinde mikono yako, na auzibe mdomo wako kila unapotaka kudanganya.