Yunusi na Kiapo cha Trekta

Wazungu walipoanza kung'oa miti ya Nachingwea ili wapande karanga, vijana wa Narung'ombe waliondoka kwa mafungu, kila mmoja na lake moyoni. Huyu alitaka baiskeli, yule mahari, yule shati la mikono mirefu. Malengo madogo madogo, na wengi waliyapata wakarudi kuvuna ufuta wao. Yunusi hakuwa mtu wa mambo madogo. Alisimama kwenye baraza ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya watu waliokuwa wakitafuta viatu vyao.

"Wallahi," alisema, "sikanyagi tena ardhi hii mpaka nije nimekaa juu ya trekta, na usukani nimeushika mimi."

Hakuna aliyemwomba. Mama yake, Bi Fatu, aliyekuwa hana mtoto mwingine, alikuwa nyumbani akimchemshia ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kula njiani. Habari za kiapo alizipata kwa jirani.

Kwa bahati mbaya, huko Nachingwea matrekta hayakuwa yakimsubiri Yunusi. Alipewa shoka akate visiki. Kisha akapanda cheo, akawa mbeba maji ya injini. Kisha akawa mpakaji wa grisi, akayafahamu matrekta yote kwa upande wa chini. Alipokikaribia kiti, Wazungu wakachoka na karanga, mashine nyingi zikaondolewa, na mtu mwingine angefunga virago. Yunusi akaongeza bidii. Nyumbani palikuwa mwendo wa kutwa na kipande cha siku ya pili, na miaka ikapita.

Salamu zilipita kwa binamu yake Seleman, aliyekuja kuuza ufuta.

"Mama anasema uende akuone tu," Seleman alimwambia. "Macho yake siku hizi yanamsumbua."

"Mwambie nakaribia."

"Mwalimu Awadhi wa msikitini kasema kiapo kina kafara yake. Lisha maskini kumi, na kama huna uwezo funga siku tatu, yaishe, urudi kwa mama yako."

"Mwanamume hafuti neno lake kwa sufuria ya ugali."

Jibu zuri kabisa, la kushonewa kanzu. Bi Fatu alipofikishiwa alilisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Yunusi amekonda.

Hatimaye mpasua mbao mmoja alimpa Yunusi trekta aliendeshe, na Mungu si Athumani, akamtuma kufuata magogo ya mninga kwenye msitu ulio jirani na Narung'ombe. Trekta lenyewe lilikuwa na tabia zake. Likizimwa haliwaki mpaka livutwe na jingine, na breki zilishika pale tu dereva alipozikandamiza kwa mguu wake wote. Lakini kiapo hakikusema lolote kuhusu breki.

Akaingia kijijini asubuhi, kifua mbele. Kuku walitawanyika, na baraza ya msikiti ikajaa watu. Alisimamisha trekta mbele ya nyumba ya mama yake, injini ikinguruma na moshi ukijaa ua. Bi Fatu akatoka akipapasa ukuta, bakuli la ming'oko mkononi. Akasogea karibu, akainua uso, akasema kitu. Yunusi hakusikia.

"Shikamoo mama! Ni mimi!" alipiga kelele.

Mama naye akasema tena, midomo ikichezacheza, akimnyooshea bakuli. Mkono wa Yunusi haukulifikia. Kushuka hawezi, trekta lingeondoka lenyewe. Kuzima hawezi, lisingewaka tena, na magogo yalikuwa yakimngoja. Akapunga mkono, akaenda zake. Lengo lilikuwa limetimia, mashahidi wapo.

Juma lililofuata Seleman alimkuta Nachingwea, bado anajisifu kwa wenzake.

"Ulimsikia mama alichokuuliza?" Seleman alimkatiza.

"Kwa kelele zile?"

"Alikuuliza, 'Baba dereva, unatokea Nachingwea? Yunusi wangu umemwacha mzima?' Ile ming'oko alikuwa anakupa umpelekee."

Ilimuuma Yunusi, na ilistahili kumuuma. Kesho yake alfajiri aliliacha trekta kwa mwenyewe, akashika njia, akalala kwa watu njiani, akafika Narung'ombe siku ya pili amejaa vumbi mpaka magotini. Barazani hakuna aliyeinuka kumtazama, maana aliyekuja kwa miguu hana habari.

"Shikamoo mama," alisema mlangoni, safari hii polepole.

Bi Fatu aliijua sauti. Alimkalisha kwenye mkeka, akaleta maji, na kwa kuwa macho hayakumsaidia, akaitafuta miguu ya mwanawe kwa mikono. Akapapasa nyayo, vidole, nyufa za kisigino.

"Kumbe miguu unayo, mwanangu," alisema.