Kiu ya Baada ya Kamba

Niliamua kuruka kamba kwa sababu ya mguu wa mama. Sukari ilimla vidole kwanza, kisha mguu, kisha ikamchukua mzima, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha vidonda. Nilipofika umri alioanza kuugua, nikajiunga na wanawake wa mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, waliokuwa wakifanya mazoezi darini kwa jirani baada ya sala ya alfajiri, mahali ambapo hakuna mwanamume wa kutuona. Turuke kamba, tukimbie papo hapo, tuchutame tuinuke. Mwalimu wetu, msichana mwembamba asiyejua goti huuma vipi, alituamuru tunywe maji mengi.

Nikanywa. Kiu haikutoka. Kutoka darini nilielekea Biashara Street, ambako kazi yangu ni kupinda leso, na njiani nilipitia sokoni Marikiti nikajipongeza kwa gilasi mbili za juisi ya miwa. Dukani hakuna choo. Kila baada ya muda mfupi niliacha cherehani nikavuka barabara kuomba choo nyumba ya mbele, hata mwenye nyumba akawa ananiitikia salamu kwa pua. Mwenzangu wa cherehani ya pili akanitania kwamba leso moja naipinda kwa udhu tano. Nilicheka, lakini nilikuwa nimechoka. Nilichoka hadi mkasi ukawa mzito mkononi.

"Kwani una nini wewe?" aliniuliza siku moja.

"Ni mazoezi," nikamwambia. "Jasho lataka maji, na maji nayo yataka kutoka."

Ushahidi kwamba si sukari nilikuwa nao. Kwetu, kabla ya daktari, sukari hutambuliwa kwa sisimizi. Mama alijulikana hivyo: walikuja kwa msururu mpaka pale alipokojoa. Basi kila asubuhi na kila jioni niliinama chooni kwetu kuikagua sakafu. Hapakuwa na hata mmoja. Nikamshukuru Mungu, nikazidisha kamba.

Kilichokuwa kikiniudhi nyumbani ni maji. Mfereji ulikuwa mkavu, tukinunua kwa mitungi kwa muuza maji wa mkokoteni, na mitungi ilikuwa ikiisha upesi kuliko desturi. Nilimgombeza mume wangu, ambaye amestaafu kazi ya bandarini na hushinda nyumbani. Nikamwuliza kama anaogesha ng'ombe. Akasema, "Niwie radhi," akaenda kununua mtungi mwengine.

Mwezi wa Shabani uchovu ulinishinda, nikaomba ruhusa adhuhuri. Mume wangu hakunitarajia. Nilimkuta chooni, kikoi amekikunja hadi magotini, akimwaga maji kwa kopo na kusugua sakafu kwa fagio la chelewa. Mstari mweusi wa sisimizi ulikuwa ungali ukipanda ukutani.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu Rajabu." Hakuniangalia. "Nalitaka upate mwezi mmoja zaidi wa kujiona mzima."

Nilikasirika, sifichi. Nilitaka kumpigia kelele mpaka watu wa mtaa wa Buxton wasikie. Mwezi wenyewe aliotaka kunizawadia niliumaliza nikiruka kamba, ulimi umekauka, miguu mizito, na juu yake nikijimiminia juisi ya miwa kila asubuhi. Angenipa ukweli ningepumzika. Lakini mkojo ulikuwa umenibana, na mtu hawezi kugombana huku amebana mapaja. Nikamwambia anipishe.

Nilipotoka alikuwa mlangoni, viatu ameshavaa, buibui langu amelishika kwa mikono miwili. Macho yalikuwa mekundu. Tukaenda kupima, na jibu lilikuwa lile lile alilokuwa nalo yeye tangu Rajabu.

Leo nameza vidonge kwa chai kavu isiyo na sukari, na darini napanda bado, taratibu. Kunificha nimemsamehe. Kinachonichosha nikikikumbuka ni kwamba mwezi mzima yeye aliingia chooni kuangalia sisimizi, na mimi niliingia kuangalia sisimizi, kila mtu na uoga wake, kila mtu akifunga mlango nyuma yake, katika nyumba ya vyumba viwili.